Kiganja Kilipita

...na si kwamba Mwinyimadi hakupima, alipima, tena mbele ya watu, pale uani kwa Mboni, kule Kibaha, aliilaza rimu mpya kifudifudi, akaweka ubao juu ya ukingo wake, akashusha rula kutoka kwenye ubao hadi pale chuma kinapokaa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, akatangaza kama anayesoma risala, "Kina cha nyuma, sentimita kumi na tatu!" utadhani wale kuku walikuwa wanaandika, na rimu za zamani zilikuwa na kumi, kwa hiyo tairi pana litaingia ndani kidogo tu, nafasi ipo, akapitisha kiganja kati ya tairi na mpira wa breki, ule mrija wa mafuta ya breki, kiganja kikapita, akakiinua juu kama mfanya mazingaombwe na Mboni akapiga makofi, ila bagi la Mboni, kile kigari cha wazi cha kukimbilia mchangani, lilikuwa juu ya jeki, Mwinyimadi, juu ya jeki, magurudumu yananing'inia kama soksi kwenye kamba, usukani umenyooka, hakuna mtu ndani, sasa niambie, baba, ni gari gani hilo linalotembea hewani, tupu, bila kukata kona... "Halidi yuko wapi jamani?" sauti ya dada yake Swaumu, mama wa bwana harusi, anaita kutoka barazani, na mtu akajibu, "Mpambe kaenda chooni, shangazi," na Swaumu, "Chooni tena? Tangu asubuhi! Anaoa yeye au anaoa mwanangu?" watu wakacheka, uchochoro mzima wa Kisarawe ukacheka, naye Mwinyimadi akacheka pia, kicheko kilitoka chenyewe, miaka mingi kimezoea njia, huku mkono wake uko palepale juu ya tairi la mbele kushoto, la moto bado, linanuka mpira ulioungua, na akiinama kidogo, kama alivyoinama muda si mrefu akijifanya anatoa kijiwe kwenye kubazi, anauona mpira wa breki ulivyokwanguka, ngozi ya nje imeliwa, nyuzi ziko nje kama meno ya mbwa, na kwenye kiti kilicho juu ya gurudumu hilohilo, upande huohuo, amekaa Amiri, mpwa wake, kanzu nyeupe, joho la kuazima, mikono juu ya magoti kama mtoto anayepigwa picha ya shule... na mbele yao mteremko wa kwenda Kibuta, kwa bibi harusi.

Alisikia, hilo ndilo linalomchoma, alisikia tangu njiani, kila kona, kila shimo, kwaruu, kwaruu, na Mboni akauliza, "Mtani, hiyo sauti ni nini?" naye badala ya kusema simama akaanza hadithi ya Muscat, kwa sauti kubwa, yule Mwarabu aliyekwama mchangani na mbuzi wake, na kila kwaruu ilipokuja akapandisha sauti, mbuzi akalia zaidi, Mboni akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, Muscat, ee Mola, Muscat alikuwa anaosha mabagi, ndoo na sabuni, na mara pekee aliyowahi kulala chini ya bagi ni alipokuwa anakimbia jua, lakini ndiye aliyesema magurudumu yaliyochomoza nje ni ushamba, kule wenzetu yanajificha ndani, ndiye aliyezichagua rimu hizi zenye kina kirefu, kumbe tairi likiwa pana unatakiwa kupunguza kina, upana utokee nje ambako hakuna cha kugusa, na tairi lenyewe lina kitambi, linavimba kupita rimu, hilo nalo hakulipima, yeye, mtu ambaye kitambi chake kinatangulia kuingia msikitini... "Mtani!" Mboni, kwenye usukani, ufunguo unamchezea kidoleni, "mbona umelishika tairi kama unaliaga? Wazaramo nyie, hata harusini mnatafuta maiti?" na mdomo wake ukajibu kabla yake, "Nalionea huruma, limembeba Mnyamwezi kutoka Kibaha, mizigo mmezoea nyie, lenyewe halijazoea," wakaangua kicheko, kigelegele kimoja kikapotea njia, Amiri akasema, "Mjomba huyu, jamani!" kwa fahari, kwa fahari kabisa, macho yake yanang'aa, mjomba aliyetembea dunia... angekuwa anamdharau ingekuwa rahisi.

Aseme nini, anaweza kusema kijiti kimekata mpira, njia ile ina vijiti, njia haina mdomo wa kukataa, watampeleka Amiri kwa bodaboda, joho linapepea, watacheka, yataisha, na yeye atabaki fundi... halafu Mboni atanunua mpira mpya, ataufunga, Jumapili atachukua wageni wake awapeleke kwenye mchanga wa Marui, tairi lilelile, rimu ileile, kwaruu, na yeye hatakuwepo kupandisha sauti, au atakuwepo, hilo baya zaidi, atakuwepo, atakuwa na mbuzi mwingine wa kusimulia. "Mboni," akasema, taratibu, "breki zako..." na Mboni, bila kusubiri, "Breki zangu zimekuonea wivu? Kaolewe basi na wewe!" kicheko tena, mtu akampiga mgongoni, na hapo ndipo baridi ilipompanda, kwenye jua lote lile, kwamba hawatamwamini, kwamba amewachekesha watu hawa vizuri kiasi kwamba akipiga ukelele wa moto watauliza kama wali umeiva, mazishini wamemcheka, Swaumu alipoachika alimchekesha mpaka akasahau kulia, aliliona jambo jema, na lilikuwa jema, lakini sasa ana neno moja la kweli na hana sura ya kulisemea, sura yake yote imeshakaa mkao wa kicheko, hata sasa, akiigusa, mashavu yako juu.

"Halidi! Umezama?" Swaumu tena, na chooni maji yanamwagwa kopo baada ya kopo, Mboni ametia ufunguo mahali pake, hajauzungusha, Amiri anapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye joho, na Mwinyimadi akateremsha mashavu yake, ilikuwa kazi, kama kushusha kabati, akasogea akasimama mbele ya bagi, kanzu yake ya sikukuu ikagusa chuma chenye grisi, akaona doa likinywea kwenye kitambaa, akaliacha, "Nilipima vibaya," akasema, "hizi tairi nilizipima vibaya mimi, zinakula mpira wa breki, msiteremke," na walicheka, wote, Mboni akaupiga usukani kwa kiganja, Amiri akainamisha kichwa akitikisika mabega, mtu nyuma akasema huyu mzee atatuua leo, naye hakupaza sauti, alisimama palepale akimtazama mpwa wake usoni, akiwasubiri wamalize kucheka ili aseme tena.