Asante kwa Bi Beddoes

Watu wa filamu walipofika kwenye jumba la Corvehope, kijiji kizima kilihamia getini. Lilikuwa na vyumba sitini, ambalo wenyewe walishashindwa hata kulipasha moto, na sasa walikuwa wamelikodisha wiki sita ili iigizwe humo hadithi ya mabwana wa zamani na watumishi wao. Zilihitajika sura za kujaza jikoni. Enid Preece, mjane wa miaka sabini na miwili, alipanga foleni na wenzake. Alipoulizwa kama amewahi kuigiza, akajibu, "Kuigiza sijaigiza, mwanangu. Lakini sufuria za humu nimezisugua miaka minne."

Akachukuliwa papo hapo.

Kesho yake wakamvalisha gauni jeusi, aproni na kofia nyeupe, wakampeleka chini jikoni. Enid akasita mlangoni. Jiko kubwa la makaa lilikuwa palepale, na sakafu ya mawe ilikuwa na ubaridi uleule uliokuwa ukimpanda miguuni alipokuwa msichana.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mpishi wa hadithi, Bi Harker, angemkabidhi bakuli la mchuzi. Yeye angelipokea, aseme "Asante, Bi Harker," kisha aondoke. Mpishi huyo aliigizwa na Rosalind Keane, mama mnene mcheshi. Kwenye hadithi alikuwa mkali wa kurusha miiko, watazamaji wapate kucheka.

"Haya, twende!" akasema mwongozaji, Bwana Lorrimer.

Rosalind akageuka, uso umewiva kwa joto la taa, unga hadi viwikoni, akanyoosha bakuli. Enid akalipokea.

"Asante, Bi Beddoes."

"Kata!"

Wakarudia. Bi Beddoes. Wakarudia tena. Bi Beddoes yuleyule. Mafundi wa taa wakaanza kucheka chinichini.

"Bibi Enid," akasema Lorrimer, "huyu Beddoes katokea wapi? Mimi kwenye karatasi zangu hayumo."

"Nisamehe, bwana. Ulimi unateleza. Ndiye aliyekuwa mpishi wa hapa, wa kweli."

Rosalind akaweka bakuli mezani. "Alikuwa mkali kama mimi?"

"Wewe cha mtoto!" Wote wakacheka, na Enid naye akacheka, kisha akaongeza, "Lakini mimi yule mama alinitendea jambo."

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1927, naye ana miaka kumi na mitano. Ilikuja simu ya maandishi kwamba mama yake kazidiwa, maili kumi na moja kutoka pale. Msimamizi wa nyumba aliisoma, akamrudishia: wageni ishirini na wawili wanakuja kuwinda, ruhusa hakuna. Enid akarudi kumenya viazi, machozi yakidondokea ndani ya beseni.

"Bi Beddoes akanitazama weee," akasimulia. "Akasema, 'Unanitilia chumvi viazi vyangu. Vua aproni.'"

Gari la farasi la mwoka mikate lilikuwa uani. Bi Beddoes akampandisha, akamfunika magunia, kisha akaenda kwa msimamizi kusema binti anatapika vibaya, asisogelewe na mtu. Siku mbili nzima vyombo vya wageni wale wote akaviosha mwenyewe, mtu wa miaka sitini mwenye magoti yaliyovimba.

"Nikamkuta mama yangu yu hai," akasema Enid. "Akanitambua. Nilimshika mkono mpaka akaenda zake."

"Na uliporudi?" akauliza Rosalind.

"Nikafungua kinywa nimshukuru. Akanikatiza: 'Viazi havijimenyi, msichana.' Haikupita miezi mitatu akahamia kwa mwanawe Cardiff, akafia huko. Sikuwahi kumwambia neno."

Lorrimer akajikuna shingo, akamwita mwandishi wa hadithi. Wakanong'onezana kidogo.

"Jina la mpishi bado halijatamkwa popote," akatangaza. "Kuanzia leo ni Beddoes. Bibi Enid, tunarudia, na safari hii ulimi wako uuachie."

Rosalind akashika tena bakuli. Akalinyoosha, akalizuia kidogo, akasema kwa ukali, "Viazi havijimenyi, msichana."

Hilo Enid hakuwa ameambiwa. Alitakiwa kupokea na kuondoka, lakini akabaki palepale. Mvuke wa mchuzi ulimpanda usoni, na mbele yake akaona tu mikono ile yenye unga.

"Najua, Bi Beddoes," akasema. "Lakini asante. Asante sana, mama."

Rosalind, aliyeigiza miaka thelathini, akajifuta jicho kwa mkono, akabaki na unga shavuni.

"Kata," akasema Lorrimer polepole. Hakuomba warudie.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata, na binti yake Enid akampeleka sinema mjini Ludlow kuitazama. Waliketi safu ya nne. Kipande chao kilikuwa cha sekunde kumi na moja tu. Enid alizihesabu baadaye, siku aliporudi kuitazama tena. Ukumbi ukacheka kwa ile kauli ya viazi, kisha ukanyamaza ghafla. Nyuma yake mwanamke asiyemjua akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mpishi nampenda, jamani."

Enid akageuka gizani, uso umelowa, anatabasamu.

"Hata mimi, dada," akasema. "Hata mimi."