Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, kulikucha kwa manyunyu. Haikuwa mvua ya kumzuia mtu safari, ilikuwa ya kulowesha mabega tu, lakini upepo wake uliuma masikio. Daftari alikuwa macho zamani. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akamaliza kuomba, kisha akaanza upya kwa kuhofia kuna jambo amesahau kumweleza Mungu.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi ya mwendesha mashtaka wa serikali. Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesimama mahakamani kwa niaba ya polisi, akisoma mashtaka na kuhoji mashahidi, mpaka sheria ilipobadilika na kazi hiyo ikawa ya wenye shahada ya sheria peke yao. Akarudishwa kituoni kuandika malalamiko ya kuku walioibwa na majirani waliotukanana. Alikuwa na miaka arobaini na minne alipojiandikisha masomo ya jioni. Siku ya kwanza vijana wa darasani walimwuliza kama amekuja kumchukua mwanawe. Alikaa benchi la mbele miaka sita, akaanguka mtihani wa mikataba mara mbili, na mwishowe vijana wale wale wakawa wanapanga foleni kuazima maandishi yake.

Jina la Daftari alikuwa amebandikwa na wenzake kituoni. Hakuwahi kupokea jalada la kesi bila kuhesabu kurasa zake mbele ya aliyemletea, na idadi akaiandika kwenye kijitabu cha mfukoni. Walimcheka, lakini hakuacha.

Saa kumi na mbili na nusu shemeji yake alibisha hodi, mwavuli mkononi. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mpelelezi wa kituo kile kile, na ndiye aliyembeba miaka yote sita. Alimshikia zamu za jioni, alimtetea kwa wakubwa walipolalamika kwamba mzee mzima anachezea shule, na kwenye fomu ya maombi jina lake ndilo lililotangulia katika orodha ya wadhamini.

Alimtazama Daftari kuanzia kola mpaka kiatu. "Shemeji, suti hii si ndiyo uliyovaa ulipomwoa dada yangu? Wasaili wakicheka usishtuke, watakuwa wanamtafuta bibi harusi."

"Dada yako ndiye aliyeichagua," Daftari akamjibu. "Peleka malalamiko kwa ukoo wenu."

Mke wa Daftari aliwaambia wote wawili wanyamaze, mtu asiingie kwenye jambo zito kwa mizaha. Wakashikana mikono watatu, Daftari akaomba kwa ufupi. Shemeji ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akasema haiwezekani mtu aende peke yake siku kama hiyo, wakaongozana.

Waombaji walikuwa watano na nafasi ilikuwa moja. Waliketishwa kwenye chumba chenye meza ndogondogo na dirisha lisilofunga vizuri, shemeji akabaki nje kwenye benchi la ukumbini. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, aliwaeleza kazi kwa sauti ya upole. Kila mmoja angepewa nakala ya jalada moja la polisi. Ni jalada la kweli, la zamani, lililotolewa kwenye stoo ya kituo fulani, majina yote yamefunikwa kwa wino mweusi. Wasome kwa saa nzima, waandike kama wao wangemfikisha mtuhumiwa mahakamani au la, na kwa nini. Baadaye kila mmoja aje mbele ya jopo atetee jibu lake.

Daftari alifanya kama desturi yake. Kabla ya kusoma neno lolote alihesabu kurasa. Zilikuwa kumi na tisa.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wa ghala, mlango wake umechorwa upande, kama wa nyumba inayoanguka. Alipouona mchoro ule, kalamu yake ilisimama. Aliwahi kumtania askari aliyeuchora. Ghala lile alilijua: mtunza ghala alipigwa nyuma ya kichwa kwa chuma, mbegu za wakulima zikaibwa, na ndoano ya kunyanyulia magunia ya mpakiaji mizigo mmoja ikaokotwa karibu na damu. Mpakiaji huyo alikuwa amegombana na mtunza ghala siku moja kabla. Ilikuwa kesi ya miaka minane nyuma. Mwendesha mashtaka wake alikuwa yeye mwenyewe.

Alimkumbuka mpakiaji yule, mtu mrefu, ameshika mbao za kizimba kwa mikono yote miwili, akirudia kila alipopewa nafasi ya kusema: "Mheshimiwa, muulizeni fundi."

Na alikumbuka jambo jingine. Jalada aliloletewa siku zile lilikuwa na kurasa kumi na nane. Alizihesabu, akaandika.

Sasa alisoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika wa kumi na mbili alikuta karatasi ambayo macho yake hayakuwahi kuiona. Yalikuwa maelezo ya fundi cherehani, mwanamke, mwenye kibanda mitaa miwili kutoka ghalani. Alieleza kwamba siku hiyo, tangu saa tatu mpaka saa nne kasorobo ya asubuhi, mpakiaji alikuwa amekaa kibandani kwake, amejifunga kanga ya dukani, akingoja suruali yake ya kazi iliyopasuka ishonwe, maana hakuwa na nyingine. Alisema ameiandika kazi hiyo kwenye daftari lake la wateja. Mtunza ghala alipigwa saa tatu na nusu.

Jina la askari aliyeandika maelezo lilikuwa limefunikwa. Mwandiko haukufunikwa. Daftari aliujua mwandiko ule kama alivyojua sauti ya mkewe. Ni ule ule uliokuwa ukijaza jina lake kwenye orodha za zamu ili yeye awahi darasani.

Miaka minane nyuma alimwuliza shemeji, mpelelezi wa kesi ile, kuhusu huyo fundi, na shemeji akamwambia amemtafuta mpaka soli za viatu zimeisha, fundi kahama, hajulikani aliko, na huenda hata hayupo, ni maneno ya mtu anayejitetea. Daftari akaamini. Akasimama mbele ya hakimu, akasema: "Mshtakiwa anatutajia fundi. Fundi huyo yuko wapi? Kama yupo, mbona hakumleta?" Hakimu alitikisa kichwa kukubali. Mtu yule alifungwa miaka kumi na minne. Lile swali Daftari alilionea fahari. Aliwahi hata kulitoa mfano darasani, na mwalimu akalisifu.

Aliandika jibu lake kwa mistari michache: asishtakiwe, sababu ukurasa wa kumi na mbili. Muda ulipokwisha waliruhusiwa kunyoosha miguu dakika kumi.

Shemeji alinyanyuka kwenye benchi akitabasamu. Tabasamu lilififia kabla Daftari hajafungua mdomo.

"Tumepewa jalada la ghala," Daftari alisema. "Lile la asili. Lina fundi ndani."

Shemeji alitazama huku na huku, akamvuta mkono mpaka karibu na ngazi. Hakukana. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyekuwa ameyaweka maneno tayari miaka mingi, kwamba mkubwa wa kituo alitaka mtu awe ndani kabla ya Ijumaa, wakulima walikuwa wanapiga kelele, na mwanamke mmoja mwenye kibanda angewezaje kuharibu kila kitu. Alichomoa karatasi kwenye nakala aliyompelekea Daftari, akaandika namba za kurasa upya. La asili alilirudisha masijala, akiamini halitaguswa tena na mtu.

"Ningeiona, nisingeipeleka ile kesi," Daftari alisema.

"Ndiyo maana hukuiona."

"Kila asubuhi ya kesi nilikuwa naomba Mungu asiniache nimfunge asiye na kosa. Ulikuwa unanishika mkono. Ulikuwa unaitikia amina."

Shemeji alitazama maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye mwavuli. "Nilikushikia zamu miaka sita," alisema. "Ulifikiri ni kwa nini? Ulikuwa ukinikosesha usingizi, shemeji. Nilitaka angalau wewe ufike." Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Majina yamefunikwa. Jibu wanalolitaka unalo. Liseme, upewe kazi yako. Ukilifunua hili, wewe kazi hupati na mimi nafungwa. Dada yangu umeshamfikiria?"

Aliona kwamba kila fadhila aliyotendewa ilikuwa malipo ya jambo ambalo hakuambiwa, na kwamba miaka yote sita alikuwa akivishwa kilemba cha ukoka na mtu wa nyumbani mwake. Alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, na chini ya aibu, sauti ya mtu mrefu akisema muulizeni fundi.

Karani aliita jina lake.

Mbele ya jopo la watu watatu alitetea jibu kama alivyofundishwa. Mwenyekiti aliandika, akasema ni jibu safi kuliko yote waliyoyasikia asubuhi hiyo, hasa alivyolinganisha saa. Mjumbe wa kushoto, mzee mwenye mvi, alitabasamu na kusema kwamba kwa ushahidi kama ule, bila shaka mtuhumiwa hata mahakamani hakufikishwa.

Hapo ndipo njia ilipogawanyika. Ilikuwa inatosha kunyamaza, kushukuru na kutoka.

"Alifikishwa, mzee," Daftari alisema. "Yuko gerezani mpaka leo. Nilimpeleka mimi."

Akawaeleza yote. Aliwaeleza kurasa kumi na nane, na swali lake mbele ya hakimu, na mwandiko ule ni wa nani. Alipomaliza, mwenyekiti alivua miwani.

"Unaelewa ulichokifanya? Maombi yako siwezi kuyaendeleza tena, na maneno haya hayafutiki. Huenda nawe ukahojiwa."

"Naelewa, mama. Naomba mlango ufunguliwe, shemeji yangu yuko hapo nje. Nataka asikie na yeye, asije akaletewa habari na watu."

Karani alifungua mlango. Shemeji alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kizingitini, uso umemshuka. Daftari aligeuka, akasimama mahali ambapo wote wangeweza kumwona.

"Mbele ya Mungu, mbele ya jopo hili, na mbele yako, shemeji, naahidi hivi. Kesho asubuhi nakwenda gerezani kumwambia yule mtu kwa mdomo wangu kwamba fundi alikuwepo. Nikitoka huko naapa hati ya kiapo kwa ajili ya rufaa yake, na humo nitaandika kila jina, nikianza na langu. Na sitapumzika mpaka atoke."