Tumbo la Gogogo

Asubuhi ya mkutano wa kijiji, Mwahija alikuwa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, akiwapasua na kuwatupia bata matumbo, kama kawaida yake. Tumbo la samaki mmoja, gogogo, likawa haliishi. Alitoa uduvi akajaza bakuli, akajaza beseni, na bado walitoka, wazima, wakirukaruka. Akalifunga tumbo kwa kamba ya katani, akamtia samaki kwenye ndoo, akaenda kumtafuta Athanas.

Athanas, mtafiti wa ziwa, alikuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi kama mfiwa. Wiki nzima alichota tope la ghuba na kupata wadudu wa kuhesabika. Mgodi wa jirani ulilishikilia tope hilo kama ushahidi: ghuba imekufa, kwa hiyo maji machafu ya bomba lake hayatamdhuru yeyote. Mwahija aliamini mkutano wa kijiji ndio ungeamua kama bomba lifunguliwe. Ghuba ikifa, biashara yake imekufa, na hakuwa na nyingine.

Athanas alimtazama samaki, akacheka. Akakiri kwamba alikuwa akihesabu wadudu waliobaki, wakati wengi huliwa na samaki mara tu wanapozaliwa.

"Mama Raudha, ukikuta chungu kitupu usiseme hakikupikwa kitu. Tazama matumbo ya watoto," akamwambia Mwahija.

"Na wewe wiki nzima ulikuwa unalamba chungu," Mwahija akasema.

Mkutanoni, bwana wa mgodi alipomaliza maelezo yake, Mwahija alifungua kamba. Uduvi wakamwagika mezani, wakafuata konokono na mabuu ya wadudu wa ziwani, hadi wakafika magotini. Mwenyekiti Maduhu alikunja suruali, akaendelea na ajenda. Wanawake wakaleta mabeseni. Bata waliingia bila kualikwa.

"Wanaosema ghuba iko hai?" Maduhu akauliza.

Mikono yote ilipanda, hata wa bwana wa mgodi, maana uduvi walishamfika kiunoni. Vigelegele vikapasua hewa. Mwahija alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta. Walimbeba juu juu hadi ufukweni, wakiimba Kisukuma ambacho yeye, mjukuu wa watu wa pwani, alikiitikia kimakosa na kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bwana wa mgodi akaja kumpa mkono wa hongera. Alieleza kwa upole kwamba mkutano ulikuwa wa kujua kama ghuba ni hai. Kibali cha bomba kilishatoka zamani.

Jumatatu bomba lilifunguliwa, likamwaga maji yake kwenye ghuba ambayo sasa wote walikubaliana kuwa ni hai.