Kilo Arobaini na Tatu

Kazi yangu ni kupima. Chochote kinachopanda ndege yetu hupita kwangu kwanza: abiria, mabegi yao, maboksi ya dawa, vipuri, barua, na vifaranga wa siku moja wanaolia tangu wanaposhushwa kwenye gari mpaka mlango wa ndege unapofungwa. Nimesimama mbele ya mizani hii miaka kumi na minne. Kila mtu uwanjani ananiita Mzee Mizani, hata watu niliowazidi miaka miwili tu, jambo linalonikera mpaka leo.

Nasema ndege yetu, lakini ni ya Bosi, na ni moja tu. Ina injini moja, viti tisa vya abiria nyuma na viwili mbele. Cha kushoto ni cha Kepteni. Cha kulia ni cha rubani msaidizi, ila kwa ndege ndogo namna hii sheria haimlazimishi mwenye ndege kuwa na rubani wa pili. Bosi aliingia kwenye biashara hii akitokea kwenye malori, na ndege yenyewe bado anaiita gari. "Gari moja, dereva mmoja," husema. "Huyo wa pili ni utingo mwenye cheti."

Utingo wenyewe huja bila kuitwa. Wanatoka chuoni na leseni mpya mfukoni na masaa machache ya kuruka, na hakuna kampuni kubwa inayomtaka mtu wa masaa machache. Basi wanakuja kwetu kuyatafuta. Bosi anawapa sare na mshahara wa kutaja tu. Wanakata tiketi, wanaosha vioo vya ndege, wanafagia chumba cha abiria, na nafasi ikiwepo wanakaa kile kiti cha kulia na kujiandikia masaa. Nafasi ikikosekana, wanabaki chini na mimi. Na anayejua kama nafasi ipo au haipo ni mimi.

Hesabu yake ni rahisi. Ukimtoa Kepteni, vyote vinavyopanda visizidi kilo mia tisa. Zikizidi, cha kwanza kushuka ni rubani msaidizi, kwa sababu yeye hana mteja anayemdai.

Binti ninayemsimulia hapa tulimwita Unyoya. Aliniamkia siku ya kwanza, nikaitikia, nikampandisha kwenye mizani, nikamwambia, "Hamsini na nne. Wewe ni unyoya, binti. Utadumu hapa." Nilikuwa natania. Yeye alilichukua kama ushauri wa kikazi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kampuni moja kubwa ilikuwa inachukua marubani vijana mara moja kwa mwaka, na masharti yalikuwa mawili: uwe umeruka masaa mia tano, na usizidi miaka ishirini na sita siku ya mwisho ya kupokea maombi. Mwaka unaofuata angekuwa na ishirini na saba. Kwa hiyo alikuwa na mlango mmoja, na tarehe ya kufungwa kwake aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda iliyo nyuma ya meza yangu. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo alikuwa na masaa mia nne themanini na mawili. Safari moja ya kwenda na kurudi ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Ukitoa Jumapili, zilikuwepo safari ishirini na sita, na yeye alihitaji kumi na moja.

Mtu yeyote angesema atafika. Lakini msimu wa vifaranga ulikuwa ndio umeanza. Wateja wa kule tunakokwenda walikuwa wanawagombania, na Bosi hakuwahi kukataa boksi hata moja. Asubuhi tatu mfululizo nilimwambia ashuke. Vifaranga wasio na manyoya ya kurukia wakapanda ndege, rubani akabaki anafagia.

Siku hizo alizobaki, ndege ikishapaa tu, simu yake ilikuwa inaita. Mama yake anaishi upande ule ndege inakopita, na kila asubuhi akisikia ngurumo hutoka nje kumpungia mwanawe mkono. Halafu humpigia. Nilikuwa namsikia Unyoya amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ufagio mkononi, akisema, "Ndiyo, mama. Nimekuona. Umevaa nini leo, ile ya kijani? Nimeiona, mama." Mimi nilijifanya napanga karatasi.

Juma la kwanza lilipoisha alikuwa ameruka mara mbili. Jumatatu yake akaniuliza, "Mzee wangu, juzi zilizidi ngapi?" Nilimwambia zilizidi tatu. Mchana ule mama watoto alikuwa amenifungia chakula cha kututosha wawili, kama alivyozoea, nikamkaribisha binti. Alisema ameshakula. Keshoye alisema tumbo halimkai vizuri. Siku ya tatu nikajua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampima.

Alipofika alikuwa hamsini na nne. Miezi ile ya kufagia na kupakia mizigo ilikuwa imemshusha mpaka hamsini. Sasa mizani ikasema arobaini na tisa, kisha arobaini na nane. Nikaandika. Arobaini na saba, nikaandika. Sitaki kujipamba hapa. Nilichokifikiria mimi asubuhi zile ni kwamba karatasi yangu inakaa vizuri, kwamba leo boksi halirudi na binti anapanda. Hata nilimsifu siku moja. Nilimwambia, "Ukiendelea hivi tutakutuma kwa bahasha." Akacheka, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Kepteni aliona pia. Huyo ni mtu mzima anayeruka siku sita kwa juma na kulala kwenye benchi la abiria akingoja ndege ipakiwe, viatu miguuni. Alimwambia mbele yangu, "Wewe kula. Mimi nataka mtu pembeni aniamshe, sitaki maiti." Unyoya akamjibu kwa adabu, "Nikila sipandi, Kepteni." Kepteni akanitazama mimi. Nikamwonyesha mizani kwa mkono, kama mtu anayemwonyesha hakimu shahidi. Akasema, "Na hii ndege yenyewe siku hizi inapanda kama haina kitu ndani," akaenda zake kulala. Nilidhani anamsifia fundi.

Na mizani ile niliiamini. Niliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Wapimaji wengine hukadiria kwa macho, mimi sikuwahi. Nilikuwa nikiwaambia wasaidizi wote waliopita pale kwamba Bosi anaweza kudanganya na mteja anaweza kudanganya, chuma hakina mjomba.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amepata safari kumi, na bado alipungukiwa saa moja na dakika ishirini. Safari moja tu ingemtosha, na angebakiwa na muda wa kutuma maombi mchana, kwa sababu yalikuwa yanapokelewa mpaka saa kumi na moja jioni. Alifika mapema kuliko mimi. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi, na shati limekuwa kubwa mpaka mishono ya mabega inaning'inia kwenye mikono.

Nilipima kila kitu. Abiria tisa, mabegi, dawa, vifaranga. Ikaja mia nane hamsini na tano. Nikampandisha yeye. Arobaini na tano. Mia tisa kamili, bila gramu ya ziada. Nilimwonyesha karatasi, na yeye akaishika mikono miwili. Akapanda, akafunga mkanda. Nilimwona kupitia kioo akijaribu redio. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi kama niliyemwoza binti yangu.

Ndipo lilipokuja gari la Bosi na boksi moja la vifaranga. Mteja wa siku nyingi, aliyechelewa. Boksi lenyewe lilikuwa na kilo nne.

Nilimwambia Bosi, "Hizi zitapanda Jumatatu."

"Jumatatu watakuwa wamekufa," akasema. "Mshushe utingo."

"Bosi, leo ndiyo siku yake ya mwisho. Nilikueleza."

"Na mimi nimekuelewa. Naye mteja nimwambie nini, kwamba vifaranga wake wamekufa kwa ajili ya ndoto ya mtu?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi, na hilo ndilo lililoniuma.

Ningeweza kuandika uongo. Niliishika kalamu nikafikiria. Kilo nne juu ya mia tisa haziangushi ndege siku moja, ila nimemzika mpimaji mwenzangu wa uwanja mwingine aliyesema hivyohivyo kila siku mpaka alipopanda yeye mwenyewe. Nikaenda mlangoni nikamwambia ashuke. Alishuka bila kubisha.

Kepteni aliporudi alimwita pembeni, akatoa kalamu. "Lete daftari lako la masaa. Nitakuandikia hiyo saa moja na dakika ishirini, na sahihi yangu chini. Nani atajua?"

"Wataomba daftari la ndege, Kepteni. Watalinganisha."

"Na wasipoomba?"

"Nitakuwa nimekaa kwenye kiti chao nikijua sikuruka." Alimshukuru, akarudi kuosha kioo. Saa kumi na moja ilipogonga nilikuwa namtazama. Aliendelea kufuta mahali palepale palipokwisha kung'aa.

Jumatano iliyofuata alikuja mkaguzi wa vipimo. Alikuwa kijana mpole mwenye sanduku la mbao, na ndani yake kulikuwa na vyuma vya kupimia, kila kimoja kilo ishirini. Aliniuliza mizani hii ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Nikamwambia miaka mitatu imepita, kwa sababu kila nilipomkumbusha Bosi alisema mwakani, na mimi sikumsukuma. Kwa nini nimsukume? Mizani ilikuwa nzima.

Akaweka chuma kimoja. Mizani ikasema ishirini na moja.

Akakitoa, akakirudisha. Ishirini na moja. Akaweka viwili, ikasema arobaini na mbili. "Inazidisha," akasema, akiandika. "Bahati yenu inazidisha. Ingepunguza mngeshaanguka."

Nilikaa chini. Nilichukua karatasi ya Jumamosi nikaipigia hesabu upya. Mia tisa zangu hazikuwa mia tisa. Zilikuwa mia nane hamsini na saba. Kila siku niliyojaza ndege mpaka mwisho na kumwambia binti wa watu hakuna nafasi, nafasi ilikuwepo, kilo arobaini na tatu zimekaa tupu kwenye kiti cha kulia. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia mtu mwingine.

Ningeweza kunyamaza. Mkaguzi alishaondoka na barua alimpelekea Bosi. Lakini nilimfuata Unyoya nyuma ya stoo, alikokuwa anasuuza matambara, nikamweleza yote nimesimama, kofia mkononi.

Nilipomaliza aliomba kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja chake, maana karatasi haikuwepo. Akatazama alichoandika.

"Kwa hiyo mimi si arobaini na tano," akasema.

"Hapana, mwanangu. Ni arobaini na tatu."

"Na nafasi iliyokuwa inabaki?"

Ilikuwa arobaini na tatu hiyohiyo. Alikuwa ameshaiona kiganjani. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamisha kichwa. "Ile njaa yote, mzee wangu," akasema. "Nilikuwa naota mkate." Hakulia. Niliyelia ni mimi, mtu wa miaka hamsini na nane, nyuma ya stoo, mchana kweupe. Na yeye ndiye aliyenipa kitambara.

Jioni ile nilimwambia walau kuanzia kesho atakuwa anaruka kila siku, kwamba mlango ule umefungwa lakini masaa ni masaa, ipo siku yatamfaa mahali. Alisema sawa. Sidhani kama aliniamini, lakini mimi nilijiamini.

Asubuhi mizani ilikuwa imerekebishwa. Nilipima abiria, mabegi, dawa, vifaranga, na hata kabla ya kujumlisha nilijua. Mia nane hamsini na saba. Nikampandisha yeye mwisho. Arobaini na tatu. Nikamwambia, "Panda." Akapanda, akafunga mkanda, na Kepteni akampigia saluti ya utani.

Bosi alikuja kwa miguu, barua ya mkaguzi mkononi, anacheka peke yake. Sikuwahi kumwona na furaha kiasi kile. "Mzee Mizani," akasema, "kumbe miaka yote hii tulikuwa tunaacha kilo arobaini na tatu chini kila siku. Umeona hasara hiyo?" Nyuma yake gari lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea kwetu, na nilisikia vilio vya vifaranga kabla halijasimama. Yalikuwa maboksi kumi.

"Pima," akasema.

Nikapima. Sikujua la kufanya na mikono yangu zaidi ya kupima. Kilo arobaini na moja. Niligeuka ili niende mlangoni, lakini Unyoya alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo. Alikuwa ameshafungua mkanda, anashuka ngazi.

Alinipita bila kunitazama. Akachukua boksi la kwanza, akapanda nalo, akaliweka kwenye kiti cha kulia, akalifunga mkanda na kuukaza vizuri, halafu akarudi kuchukua la pili.