Kifurushi kutoka Makunduchi

Siku ya tisa tukiwa tumetia nanga mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, boti ya mboga ilitoka bandarini Malindi, na mimi nikaiona kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa sitahani nagonga kutu. Nikaitupa nyundo, nikapiga kelele mpaka mpishi wetu Mfilipino akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani meli inaungua.

"Boti! Boti hiyo inakuja! Mzigo wangu umo!"

"Mzigo utakuja hata usipopiga kelele," alisema Shaame. Huyu ndiye serahangi wetu, mtu wa Tumbatu, ambaye kazi yake ni kutusimamia mabaharia wa sitahani na raha yake ni kutunyamazisha. "Okota nyundo hiyo, Nadir."

Sikuiokota. Nyinyi mlioko nchi kavu mnafungua kabati mkitaka kitu kitamu. Mimi nilikuwa na miezi saba sijaonja chakula cha kwetu. Melini unaamshwa kabla ya alfajiri, unashika zamu, unagonga kutu, unapaka rangi pale ulipogonga kutu, unakula wali mweupe na bawa la kuku, unalala, unaamshwa. Siku hupoteza majina yake. Hujui Jumanne wala Alhamisi, unajua siku ya kuosha sitaha na siku ya kupaka mafuta kamba. Halafu, baada ya bahari zote hizo, meli inakuja kutia nanga hapa, unaona mapaa ya mji wako, upepo ukikaa vizuri unasikia adhana, na nahodha anasema hashuki mtu kwa sababu zamu yetu ya gati inaweza kufika wakati wowote. Siku tisa! Nilikuwa nikiuangalia ule mji kama paka aliyefungiwa nje ya jiko.

Mtu mmoja tu alikuwa anashuka siku ile. Borafya, mtia grisi wa chumba cha mashine, mkataba wake ulikuwa umekwisha, na boti ya mboga ikishateremsha vitu ndiyo ingemchukua. Alikuwa amekaa juu ya begi lake karibu na ngazi, kavaa shati la kuendea nyumbani. Sikumwangalia. Yeye pia hakuniangalia. Tulikuwa na siku thelathini na nane hatusemezani.

Borafya na mimi tumezaliwa Makunduchi, nyumba mbili mlango kwa mlango. Tumekwenda chuo cha Kurani pamoja, tumetafuta kazi ya meli pamoja. Mwezi wa tano mamangu, Bi Mwamvua, alipasuliwa tumbo na akalala hospitali siku kumi na saba, siku tano za mwanzo hajijui. Borafya alipata habari siku ileile. Siku zote kumi na saba alikula na mimi sahani moja, akacheka na mimi, asiniambie. Nilikuja kujua mama alipokwisha kurudi nyumbani, dada yangu Riyama alipoteleza ulimi kwenye simu.

Mimi nina hasira za karibu, nakubali. Nilimfuata mpaka chumba cha mashine nikamwambia, mbele ya watu, kwamba mama angekufa yeye angekuwa amenipokonya hata nafasi ya kumwombea dua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nna sababu yangu, Nadir, lakini siwezi kuisema." Nikamwambia akae na sababu yake. Tangu hapo, kimya.

Na ukweli ni kwamba kimya kile kilikuwa kinaniua. Nilikuwa nimebakiwa na miezi mitatu. Akishuka ngazi ile bila ya neno, yeye atakwenda kukaa mlango kwa mlango na mama, na mimi nitabaki na donge langu katikati ya maji, sina wa kuzungumza naye Kiswahili ila Shaame, ambaye Kiswahili chake chote ni amri. Lakini nimwanze mimi? Mimi niliyekosewa? Haiwezekani.

Boti ikafika, kamba zikateremshwa. Vikapanda viazi, vitunguu, maji, na mwisho boksi langu, limezungushwa gundi mpaka halioneshi rangi yake, na juu yake mwandiko wa Riyama kwa kalamu nzito. Riyama ana duka Mlandege, ndiye aliyelipokea kutoka kwetu shamba na kulifikisha bandarini. Nikalibeba kichwani. Nusu ya meli ikanifuata chumba cha kulia.

Sijui nikwambieni vipi ile harufu. Nilipochana gundi tu ilitoka iliki, ikatoka pilipili manga, na Shaame, Shaame yule, akasema, "Masha'Allah." Mlikuwa na achari ya maembe chupa mbili, vileja, kashata za nazi, dagaa wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, ubuyu mwekundu, halua kwenye kikapu chake, na unga wa tangawizi. Mpishi alitia ubuyu mdomoni, akakunja uso, kisha akatia tena, kisha akatia mkono mfukoni na ubuyu mwengine. Shaame alikula vileja sita akiniambia kwamba vya kwao Tumbatu ni vizuri zaidi. Mimi nilikula dagaa kwa mikono miwili na machozi yakanitoka, nikasema ni pilipili.

Vitu vyote vilikuwa vimelazwa juu ya majani makavu ya mgomba, na ndani ya majani yale mlikuwa na mabua ya mgomba mabichi, marefu ya mkono mzima, yamejipinda kufuata boksi. Nikasema mama bwana, hataki chupa zivunjike. Meza ilikuwa imejaa uchafu, pipa la taka limejaa maganda, mpishi ananipigia kelele kwa Kifilipino. Nikakumbatia majani na mabua yote, nikatoka nje, nikayatupa baharini.

"Nadir!" Shaame alinifuata nyuma kileja mkononi. "Bahari jaa lako hilo? Nahodha akikuona?"

"Jani la mgomba hilo, serahangi. Halina sumu."

Chini yetu boti ilikuwa bado imefungwa ubavuni, na Borafya alikuwa ameshashuka, amekaa na begi lake miguuni. Mabua yalipiga maji karibu yake. Akayatazama. Kisha akainua uso akanitazama mimi, mara ya kwanza baada ya siku thelathini na nane, na ule uso sikuuelewa. Si hasira. Alikuwa kama mtu aliyenyoosha mkono asipewe mkono. Nikajisemea, huyu naye ana nini, hajapata kuona mgomba? Nikarudi ndani kwenye halua yangu.

Ndipo nikakumbuka kumshukuru mama. Nikawasha simu, nikakuta sauti yake imeingia tangu asubuhi. Nikaiweka sikioni huku natafuna.

"Nadir mwanangu, leo Mwaka, usije ukasahau huko uliko. Riyama kanambia hamsemi na Borafya. Nimekutilieni mabua humo ndani, nimeyakata mwenyewe jana magharibi. Piganeni hapohapo melini kabla mwenzio hajashuka. Naye nshampigia simu, kasema anangoja wewe uje na bua. Sitaki mwaka ukukute na donge, mwanangu."

Nikairudisha halua mezani.

Kwetu Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hutoka uwanjani, wa kusini upande wao na wa kaskazini upande wao, wakapigana kwa mabua ya mgomba. Aliyekuudhi mwaka mzima unampiga, naye anakupiga, mbele za watu, mpaka bua lichanike. Basi, imekwisha. Hana ruhusa mtu kuitaja tena habari ile. Nimepigana Mwaka tangu nina miaka kumi na miwili. Na mimi, mtoto wa Makunduchi, nililetewa mabua ya Mwaka mpaka katikati ya bahari nikayaona takataka! Borafya alikuwa kwenye ngazi asubuhi yote ananingoja nimjie na bua. Mimi nikayatupa majini mbele ya macho yake. Kwetu hakuna namna kubwa kuliko hiyo ya kumwambia mtu: sikusamehi.

Nilitoka mbio nikapindua kiti. Boti ilikuwa imeshafungua kamba, imeshapiga hatua hamsini na inageuza kichwa kuelekea Malindi.

"Borafya! Borafya, yakhe! Sikujua!"

Mashine ya boti ilinimeza sauti. Alikuwa amenipa mgongo.

"Nilidhani ya kuzuilia chupa! Chupa za achari!"

Hakugeuka. Mabua yalikuwa yanaelea, yametawanyika, mkondo unayavuta kufuata boti. Nikayaangalia mabua, nikaiangalia boti. Nikachukua boya la kuvaa lililotundikwa penye ngazi, nikalivaa, nikafunga mikanda yote maana mimi mwenye hasira si mwehu, nikateremka ngazi mbio mpaka kidato cha mwisho, nikaruka.

"Mtu majini!" Shaame alipiga ukelele uliofika Kizimkazi. "Mtu majini! Wallahi huyu kichaa, mtu majini!"

King'ora cha meli kikalia. Nikasikia miguu inakimbia sitahani, nikasikia nahodha kwenye kipaza sauti akinitukana kwa Kituruki, kisha kwa Kiingereza ili nielewe. Mimi naogelea. Nikapata bua la kwanza, nikalibana kwapani. Nikapata la pili. Mwenye boti alipoona mtu majini akazima mashine, kama anavyotakiwa kila mwenye chombo, na boti ikawa inayumba inaningoja. Borafya alikuwa amesimama, mikono kiunoni, mdomo wazi.

Nikafika ubavuni. Sikungoja kuvutwa. Nikashika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikamchapa bua la miguu.

"Hii ya siku kumi na saba!" nikamwambia, huku natema maji ya chumvi. "Na hii ya kula na mimi sahani moja! Na sikuyatupa kwa makusudi, nilisahau kama leo Mwaka, nimesahau mimi, ushasikia kitu cha aibu kama hicho?"

Borafya alinitazama. Aliutazama uso wangu, akaitazama mikanda ya boya niliyoifunga yote mitano, na kitu kikamvunjika usoni. Akaninyang'anya lile bua la kwapani, akanichapa nalo kichwani, paa, maji yakaruka.

"Hii ya kunitukana mbele ya watu!" Paa. "Hii ya siku thelathini na nane!" Paa. "Na hii ya kunifanya nilie mbele ya mwenye boti!"

Meli nzima ilikuwa imejipanga ubavuni inapiga makelele. Mpishi anagonga sufuria. Shaame, ambaye kwao hawapigani Mwaka, alikuwa anapiga ukelele kuliko wote, "Mtie la mgongo, Borafya! La mgongo!" Tuliendelea mpaka mabua yakachanika nyuzi nyuzi, mimi majini yeye juu, tunacheka hata hatuwezi kulenga. Kisha akanishika mikanda ya boya akanipandisha kama samaki, tukaanguka wote wawili juu ya magunia matupu ya viazi. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo miezi saba ile. Adhabu yangu nilishaijua, nitagonga kutu mpaka Bombay, na wala sikujali.

"Sasa nikwambie sababu yangu," alisema Borafya.

"Huna ruhusa. Imekwisha."

"Basi atakwambia mwenyewe." Akatoa simu, akapiga, akaigeuza nione. Mama akatokea, amevaa kanga mpya ya sikukuu, mashavu yameingia ndani kidogo, lakini macho yake yaleyale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umerowa? Mshapigana?"

"Tushapigana, mama. Yamechanika."

"Alhamdulillah. Na langu liko wapi?"

"Lako lipi?"

"Nimetia matatu, Nadir. Mwenzio hana kosa. Mimi ndiye niliyemwapisha, nilimpigia kabla sijaingizwa ndani kupasuliwa. Nilijua ukisikia utashuka bandari ya kwanza uache kazi. La tatu nimelitia kwa ajili yangu. Uliweke, ukirudi unipige nalo, mwanangu, usije ukabaki na donge juu yangu."

Borafya alikuwa ametazama pembeni. Nikainua uso kuangalia maji, na nikaliona lile bua la tatu, linaelea karibu tu, mapigo kumi ya kuogelea hayafiki.

"Lako limezama, mama," nikamwambia.