Dakika Tatu za Basi Namba Kumi na Nne

Ubao wa taa pale kituoni ulisema basi namba kumi na nne lingefika baada ya dakika tatu. Girija aliuamini. Manispaa iliufunga mwaka jana kwa mbwembwe na hotuba ndefu kuliko safari zenyewe, na tangu hapo haukuwahi kumdanganya.

Mkononi alikuwa na kopo la chapati tamu za dengu, bado zina moto. Treni ya mdogo wake Chennappa ingepita stesheni ya reli saa tisa na nusu na kusimama dakika kumi tu. Miaka tisa hawakuwa wamesemezana, tangu msiba wa mama yao, Girija alipomfungia mlango mbele ya watu kwa sababu ya mke aliyemwoa. Juzi alipiga simu mwenyewe.

"Dada, nitasimama mlangoni, behewa la sita. Ukija, umekuja. Usipokuja, sitakusumbua tena."

Saa nane na robo, dakika tatu. Saa nane na nusu, dakika tatu zilezile.

"Huu ubao umeganda!" Girija akafoka.

"Haujaganda," alijibu Rudramma, muuza maua wa kituoni. "Saa yake si inatembea? Vumilia, mwenzangu, basi hilo linakuja."

Kwa miguu mpaka stesheni ilikuwa saa nzima. Kila alipojiandaa kuondoka, zile dakika tatu zilimvuta sari. Nani aache basi la dakika tatu akatembee juani? Bajaji nazo hazikuwepo. Ilikuwa sikukuu ya kuabudu vyombo vya kazi, zote zimeoshwa, zimepambwa, na hakuna dereva ambaye angegusa usukani kabla kuhani hajavunja boga la baraka mbele yake. Lakini mabasi hubarikiwa mapema, saa sita huwa yako barabarani. Kila mwaka ni hivyo.

Saa tisa kasoro tano uvumilivu ukamwisha. Alivuka barabara, akaenda mbio mpaka gereji ya mabasi, akakuta yote yamejipanga na mashada yao ya maua, yametulia tuli. Mbele yake, juu ya majani ya mgomba, zilipangwa spana, mashine za tiketi, na visanduku ishirini hivi vilivyong'olewa kwenye mabasi, vile vinavyoupelekea ubao habari za mahali basi lilipo. Kila kimoja kilipakwa nukta nyekundu, na kila kimoja kilikuwa kinawaka taa ya kijani.

"Karibu mama, onja bisi," alisema Puttaraju, karani wa zamu.

"Bisi za nini? Namba kumi na nne iko wapi?"

"Si hiyo hapo. Kuhani kachelewa, yuko kiwanda cha matofali. Labda saa kumi."

"Na ubao unaosema dakika tatu tangu saa nane?"

Puttaraju alivitazama visanduku, akajikuna shingo. "Kutoka hapa mpaka kituoni... eeh, ni dakika tatu kweli."

"Ungevizima basi!"

"Nivizime? Mama, chombo kilichokufa kinabarikiwaje?"

Nusura amtwange na lile kopo. Akageuka, akashika njia ya stesheni. Alikimbia na sari yake ya sikukuu kama mwizi, na alikuwa bado hajafika darajani, nusu ya njia, simu ilipolia. Saa tisa na dakika arobaini na mbili.

"Chenna! Niko njiani, mdogo wangu, basi halikuja..."

"Dada." Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Usinidanganye. Siku hizi mabasi ya kwetu yanaonekana kwenye simu. Tangu saa nane nayaangalia. Mabasi ishirini, Dada, yote dakika tatu kutoka kituo chako. Ulikosa hata moja la kupanda?"

Girija alianza na kuhani, akaja kwenye visanduku na taa zake, akajisikia mwenyewe anavyoropoka. Alipomaliza, simu ilikuwa imeshakatwa.