Rais Aliyekataa Kufa

Mwalimu Agatha alikuwa amefundisha historia Ushirombo miaka mingi bila kutamani kumpiga mtu mzima kofi, lakini Deogratias alimfikisha hapo.

Padri ndiye aliyeanzisha. Alitaka jubilei ya kigango iwe na mchezo wa kuigiza kuhusu Mkatoliki aliyeshika uongozi. Agatha akaandika maisha ya John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa rais wa Marekani: vita baharini, ubunge, useneta, Ikulu, mpaka risasi za Dallas. Deogratias, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Kharumwa, akapewa urais kwa sababu ya sauti yake nzito na suti iliyomkaa vizuri. Agatha hakujua kwamba mwaka huo Deo alikuwa anautaka na udiwani.

Mazoezi yalipoanza tu, akakataa kuumwa mgongo.

"Kennedy aliteswa na mgongo maisha yake yote, Deo."

"Mwalimu, watu watasema mimi ni mgonjwa. Nani atampa mgonjwa kura?"

Agatha akaufuta mgongo. Siku iliyofuata akakuta hotuba ya kuapishwa imeingiziwa ahadi ya kisima cha maji. Akakifuta kisima. Ndipo akaja mama yake Deo, Mama Vumilia, amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayeenda msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia unataka kumlaza mwanangu mbele ya kanisa kama maiti. Yaya! Hapana!"

"Ni mchezo tu, mama."

"Basi mwache apone."

"Hakupona! Alikufa mwaka sitini na tatu!"

"Kama ameshakufa, kwa nini afe tena?"

Agatha akaenda kwa Padri, Padri akamwita Deogratias, na Deogratias akaahidi mbele yao wote wawili kwamba atakufa bila matatizo.

Siku ya jubilei bajaji iliyovuliwa turubai iliingia uwanjani taratibu. Deogratias alikuwa amesimama ndani yake, akipunga mkono. Pembeni yake aliketi Theopista, muuguzi wa zahanati, katika gauni la rangi ya waridi la mke wa rais. Nyuma ya pazia, Paschal, aliyepewa kazi ya milio ya risasi, akapiga pipa tupu kwa nyundo. Puu!

Deogratias akaendelea kupunga.

Paschal, akidhani hajasikika, akapiga tena, kisha akapiga tena kwa nguvu zaidi.

"Kufa basi!" Theopista alinong'ona, akimvuta koti.

Deogratias akainua mikono yote miwili. "Wamenikosa!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Nyuma ya pazia, Agatha akamshika begani Boaz, aliyeigiza makamu wa rais.

"Nenda kaape."

"Lakini mwalimu, bado hajafa."

"Nimesema kaape!"

Boaz akatoka na Biblia mkononi. "Kwa kuwa rais wetu mpendwa amefariki..."

"Sijafariki!"

"Umefariki, kaka Deo. Kaa chini."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu. Padri alifunika uso kwa mikono. Deogratias alipoanza, "Ndugu wananchi wa kata hii," Agatha alivuka uwanja mwenyewe akachomoa waya wa spika.

Jumatatu akaingia darasani, sauti imemkauka. "Kennedy alikufaje?"

Msichana wa dawati la mbele, aitwaye Sikujua, akasimama. "Hakufa, madamu. Walimkosa. Tulikuwepo."

Darasa zima likaitikia kwa vichwa.

"Jamani!" Agatha akaweka chaki mezani. Akavuta kiti, akaketi, akaanza upya toka mwanzo: meli ya Wajapani iliyokata boti ya Kennedy na wenzake vipande viwili vitani, na Kennedy akiogelea, mkanda wa jaketi la kuokolea la mwenzake aliyeungua ukiwa kwenye meno yake, akimkokota hadi kisiwani. Akawaambia Nyerere alimtembelea Kennedy Ikulu ya Marekani mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo Kennedy akauawa.

"Alikuwa na watoto?" Sikujua akauliza.

"Wawili. Wa kiume alitimiza miaka mitatu siku ya kumzika baba yake. Jioni wakamfanyia sherehe ndogo ya kuzaliwa hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka. Msichana akakaa, kisha akanyanyuka tena.

"Mbona hilo halikuwemo kwenye mchezo, madamu?"

"Lilikuwemo," Agatha akasema, hasira zikimpanda upya. "Ukurasa wa mwisho. Hatukufika."